Mwacheni Akimbie, Baridi Haigandishi Mapafu

Kuna ushauri mmoja ambao sisi wa Pwani huutuma ng'ambo kila mwaka ikifika Novemba. Hutumwa kwa sauti kwenye WhatsApp, mara nyingi na mama au shangazi, na maneno yake hayabadiliki: "Wata kukimbia na baridi hiyo, mwanangu, itakungia kifuani." Mwenye kuupokea yuko Toronto, Minneapolis, Leicester au Oslo, amevaa koti juu ya koti, na tuseme kweli, hata yeye alikuwa akitafuta sababu ya kutotoka. Basi viatu vya mazoezi vyatiwa chini ya kitanda mpaka Aprili.

Miezi hiyo mitano si kitu kidogo. Mpwa wangu alitoka Mombasa akiwa mwembamba kama ufito. Leo yuko Toronto, afanya kazi ya usiku kwenye ghala, ala saa ambazo tumbo halizielewi, na daktari amemwambia sukari yake iko mpakani. Bibi yake alikufa na sukari. Mamake, ambaye ni dada yangu, adunga insulini kila siku. Kijana aliagizwa apunguze uzito na atembee au akimbie nusu saa, siku 5 kwa wiki. Mtu wa ukoo kama huo ukimwambia asubiri jua, umemwambia akae kitako karibu nusu ya kila mwaka huku ugonjwa wamsubiri mlangoni. Alipojaribu kukimbia mwezi wa Januari alirudi nyumbani baada ya dakika 6, koo lawaka moto, akohoa, machozi yamtoka. Akaniuliza, "Mjomba, mapafu yaweza kuganda?"

Hayawezi. Mimi si daktari, diploma yangu ni ya afya ya jamii, lakini jambo hili halihitaji udaktari kulieleza, lahitaji kuijua pua.

Ndani ya pua zetu kuna kuta zilizojikunjakunja, zimetandazwa mishipa mingi ya damu yenye joto na utando ambao hauishi unyevu. Hewa ikipita hapo hupashwa joto na kutiwa maji kwa wakati mmoja, kana kwamba mtu ameweka jiko na mtungi mahali pamoja. Kazi ambayo pua haikuimaliza humaliziwa na koo na mabomba makubwa ya pumzi. Hewa ikifika kwenye vifuko vidogo vya mapafu, kule ndani kabisa ambako damu huchukua oksijeni, huwa imeshafikia joto la mwili, yaani nyuzi 37, na imeshiba unyevu. Hivyo ndivyo ilivyo hata kama nje ni nyuzi 10 chini ya sufuri. Baridi ile ya barabarani haifiki huko.

Basi kinachochoma ni nini? Mtu akiwa ameketi huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, na pua yazimudu bila shida. Akikimbia pole pole huvuta lita 40, 50 au zaidi. Akikimbia kwa nguvu zafika 100 na kupita. Pua haiwezi kupitisha kiasi hicho, kwa hivyo mdomo wafunguka wenyewe, na hewa nyingi yaingia moja kwa moja kooni bila kupitia kwenye lile jiko na ule mtungi. Koo sasa labebeshwa kazi ya pua.

Lakini kazi iliyo nzito zaidi ni ya maji, kuliko hata ya joto, na hapa ndipo watu wengi hawapajui. Chukulia lile tangi la lita 1,000 tunaloweka juu ya paa. Ukilijaza hewa ya Mombasa, ndani yake mna gramu 20 hivi za maji yaliyo mvuke. Ndiyo maana chumvi yetu hulowa kwenye kikopo na biskuti hulainika usiku mmoja. Ukilijaza hewa ya nyuzi sufuri, hata ikiwa imeshiba kabisa, haiwezi kubeba hata gramu 5. Kwenye nyuzi 10 chini ya sufuri ni gramu 2 na kidogo. Ndani ya mapafu hewa yatakiwa kuwa na gramu 44 hivi. Nafasi iliyobaki mwili ndio unaoijaza kutoka kwenye utando wa njia zake za pumzi. Mombasa utaongeza gramu 24 kwa kila tangi, Toronto zaidi ya 40. Na mtu anayekimbia huvuta tangi zima kwa muda wa dakika 20 au pungufu.

Ajabu ni kwamba theluji imejaa mtaa mzima, na hewa iliyo juu yake ni kavu kuliko ya Wajir.

Maji hayo kwa jumla si mengi, hayajazi hata nusu kikombe. Shida ni kwamba yanatoka kwenye utando mwembamba mno. Utando ukikauka, chumvi iliyomo hukolea, mishipa ya fahamu hukasirika, na mtu husikia moto kooni na nyuma ya kifua. Hukohoa dakika chache akishasimama, kisha mambo hutulia. Hicho si kichomi wala nimonia, kwani nimonia huletwa na vijidudu. Ule moshi unaotoka mdomoni mtu akipumua ni maji yake mwenyewe yanayomponyoka. Na zile kamasi nyepesi zinazotiririka kila akitoka nje, ambazo mama akizisikia kwenye simu huamini ni mafua, ni pua inayojitahidi kuongeza maji. Abebe kitambaa, apenge, aendelee.

Nimesikia wazee wakisema kwamba Mungu hakutuumba sisi kwa baridi, hao wa huko wameumbwa nayo. Twasema hivyo sisi ambao kipupwe kikiingia mwezi wa Juni, na kipimo kikishuka hadi nyuzi 22 alfajiri, masweta yatoka kabatini na watoto wafungwa vitambaa vichwani. Lakini mapafu hayana kabila. Philip Boit, mwanariadha wetu wa Bonde la Ufa, alizoea mbio za kawaida kabla ya kufunzwa kuteleza kwenye theluji huko Finland, na mwaka 1998 alishindana kilomita 10 kwenye Olimpiki za majira ya baridi za Nagano, Japani. Alimaliza wa 92, wa mwisho, na mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Kilichomshinda Boit ni ufundi wa zile mbao za miguuni. Upande wa pili, madaktari wa Norway na Sweden wamekuwa wakiandika kwa miongo kadhaa kwamba pumu imezidi miongoni mwa watelezaji wao wa masafa marefu, vijana waliozaliwa na kukulia kwenye theluji. Sababu ni kuvuta hewa kavu nyingi mno, kwa kasi mno, mwaka nenda mwaka rudi. Kuzaliwa kwenye baridi hakukuwakinga. Kwa hivyo mtu wa Kibokoni na mtu wa Oslo wanatakiwa wafanye yale yale.

La kwanza na kubwa ni kuanza pole pole. Najua kwamba mtu akitoka nje na baridi ikampiga usoni, miguu humwambia akimbie haraka apate joto. Asiisikilize. Apashe mwili joto akiwa ndani, apande na kushuka ngazi dakika 5, au aruke kamba kama ana jirani wa chini mwenye subira. Halafu atoke, atembee kwa haraka dakika 5 hadi 10, ndipo aanze kukimbia. Zile dakika 6 za mpwa wangu zilikuwa za mtu aliyetoka kitandani akatimka kama anayekimbizwa na askari wa kaunti.

Kasi nayo iwe ile ambayo mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Akiwa pekee yake, avute uradi. Akiweza kusema "Subhanallahi wabihamdihi, Subhanallahil Adhim" kwa pumzi moja bila kutweta, kasi yake ni sawa. Maneno yakikatika katikati, apunguze au atembee kidogo. Sababu yake ndiyo ile ya lita: mtu wa lita 45 bado anaipa pua nafasi, lakini mtu wa lita 100 amekwisha kuikimbia pua yake. Majira ya baridi si ya kuvunja rekodi. Nia ni kumaliza nusu saa, na kesho kutoka tena.

Kuhusu pua na mdomo, mitandao imejaa watu wanaoapa kwamba ni lazima uvute kwa pua pekee. Kwa kutembea na kwa mbio nyepesi ni vizuri, tena kutoa pumzi kwa pua hurudisha puani sehemu ya joto na maji yaliyokuwa yakitoka. Lakini ukiona pumzi haitoshi, fungua mdomo, vuta kwa vyote viwili. Kujinyima hewa kwa sababu ya kanuni ya mtu wa YouTube si afya. Wengine huhesabu hatua, tatu wakivuta, tatu au mbili wakitoa. Yasaidia kwa kuwa yamzuia mtu kuhema juu juu kwa hofu, maana baridi ikimpiga mtu ghafla pumzi hukatika na mabega hupanda mpaka masikioni. Ashushe mabega, apumue kwa tumbo, na akiona hesabu yamchosha aiache.

Kisha kuna kitambaa, na hiki ndicho kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa. Skafu nyepesi, au lile joho dogo la shingoni linalovutwa hadi juu ya pua, hufanya kazi kama pua ya pili. Pumzi inayotoka hukipa kitambaa joto na unyevu, pumzi inayoingia huviokota. Pamba haifai sana kwa sababu hulowa, na ikilowa huganda na kuziba. Kitambaa chepesi cha polyester hukauka haraka. Hapa dada zetu wametangulia. Mwenye mtandio au ninja tayari anacho kifaa, abebe tu cha pili kikavu mfukoni abadilishe njiani cha kwanza kikilowa. Wengi wameniambia waogopa kutazamwa wakikimbia wamejifunika uso ugenini. Kwenye nyuzi 10 chini ya sufuri kila mtu amejifunika uso, hata polisi.

Upepo nao una hesabu yake, na hesabu hii wajukuu wa mabaharia tungepaswa kuwa nayo damuni. Kutoka, enda joshini, ukiukabili upepo wakati bado u mkavu. Kurudi, rudi demani, upepo uwe mgongoni. Ukifanya kinyume utakuwa umelowa jasho wakati unapougeukia upepo, na hapo ndipo mwili hupoa ghafla na pumzi kukatika. Nguo ziwe za kumfanya mtu asikie baridi kidogo dakika 10 za mwanzo. Aliyetoka akiwa na joto tele atalowa kabla ya kufika kona.

Kuhusu saa, wengi wetu hupenda kukimbia baada ya alfajiri, na hapa nyumbani ni saa nzuri kuliko zote. Huko majira ya baridi ni kinyume. Saa zinazozunguka kuchomoza kwa jua ndizo zenye baridi kali zaidi, na asubuhi zisizo na upepo moshi wa magari hukaa chini karibu na watu. Adhuhuri ni bora. Anayefanya kazi usiku kama mpwa wangu akilala mapema na kuamka saa sita mchana atakuta nyuzi kadhaa zimeongezeka, na kajua kidogo pia.

Sasa nije kwa jambo ambalo lanikera. Si kila kifua kinachobana ni ukavu wa kawaida. Kuna watu ambao njia zao za pumzi zikikaushwa, misuli inayozizunguka hukaza na njia kuwa nyembamba. Hiyo ni pumu, au hali inayofanana nayo ambayo huja kwa mazoezi tu, na yaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kuugua pumu tangu azaliwe. Dalili zake zatofautiana na ule moto wa kooni: kifua chapiga miluzi, chabana kama kimefungwa mshipi, kikohozi hakikatiki, na mara nyingi huzidi dakika 5 hadi 15 baada ya mtu kusimama, wakati ambapo mwingine yeyote angekuwa anapata nafuu. Kwa kawaida huondoka ndani ya nusu saa hadi saa moja, ndiyo maana watu huipuuza.

Sisi tuna tabia ya kuificha pumu. Nimeziona familia zikimkataza binti kubeba dawa yake ya kuvuta mbele za watu kwa kuogopa posa zitakatika. Kijana aliyekulia kwenye ficho hilo akifika ugenini, akabanwa kifua, atasema ni baridi tu, na huku nyumbani tutamwambia anywe tangawizi. Tangawizi ni nzuri, naipenda, lakini haifungui njia ya pumzi iliyokaza. Wala Vicks haifungui. Mentholi huwafanya watu wasikie pua imefunguka ilhali hewa inayopita ni ile ile. Hali hii hupimwa kwa daktari, kwa kupuliza kwenye mashine kabla na baada ya mazoezi, na dawa yake yajulikana. Wengi huandikiwa ile pampu ndogo ya kuvuta, inhela, waitumie dakika 15 hivi kabla ya kutoka, na wengine huhitaji dawa ya kila siku. Kupasha mwili joto kidogo kidogo pia huwasaidia wengi wao. Mtu wa namna hii akitibiwa vizuri hukimbia. Wanamichezo wa Olimpiki wenye pumu si wachache.

Kwa hivyo akina mama, mkipiga simu, badala ya "umevaa sweta?" muulizeni, "Kifua chapiga filimbi? Chazidi ukishasimama?" Akijibu ndiyo, msihi aende kliniki wiki hiyo hiyo.

Yuko na mwingine wa kuangaliwa, naye ni yule baba wa miaka 50 mwenye presha au sukari ambaye miaka mingi hajafanya zoezi lolote. Baridi hubana mishipa ya ngozi, presha hupanda, na moyo hufanya kazi zaidi hata kabla hajapiga hatua ya kwanza. Huyo azungumze na daktari kwanza, na aanze kwa kutembea. Maumivu mazito katikati ya kifua yanayoenda mkononi au tayani, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, midomo kugeuka rangi, au kushindwa kusema hata maneno mawili si mambo ya kuulizia ushauri Mombasa. Ni ya kupiga 911 Canada na Marekani, 999 Uingereza, 112 nchi za Ulaya. Na mwenye homa, au kikohozi kilichoshuka kifuani, apumzike mpaka apone.

Maji yanywewe hata bila kiu, kwa sababu baridi huipunguza kiu wakati pumzi inazidi kuyatoa. Akirudi abadilishe fulana iliyolowa kabla ya kukaa kupiga soga. Barafu ikiwa imetanda, hatua ziwe fupi, maana wengi zaidi huumizwa na kuanguka kuliko na hewa.

Kuhusu siku za kutotoka kabisa, zipo. Watelezaji nilioutaja ugonjwa wao, kwa kanuni za shirikisho lao la kimataifa, hawashindanishwi baridi ikipita nyuzi 20 chini ya sufuri, na hao ni mabingwa wenye madaktari kando yao. Mtu wa kawaida asifike huko. Mimi ningesema ikikaribia nyuzi 15 chini ya sufuri na kuna upepo, abaki ndani, na mwenye pumu aweke mpaka wake mapema zaidi kwa ushauri wa daktari wake. Siku hiyo ngazi za jumba zatosha: kupanda kwa miguu, kushuka kwa lifti, dakika 20.